Pawa Saplai ya Mwalimu Bonaventura

Jumatatu, 9 Juni 2008

Mwalimu Bonaventura katoka dukani kwangu sasa hivi. Anataka kompyuta ya gemu — yeye, mstaafu, aliyenifundisha fizikia kidato cha pili! Gemu ya kurusha ndege. Skrini kubwa, kadi mbili za grafiki zivute pamoja, milima ionekane mpaka nyasi. Anasema alitaka urubani ujanani, wakamwambia macho mabovu. Kadi kaja nazo, mpwa wake kamtumia kutoka nje. Kazifunga kwenye sweta kama mayai.

Nichague mengine mimi. Kesi na mazabodi, ile bodi kuu, rahisi. Pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme ndani, ndiyo inaniumiza kichwa. Kila kadi inakula wati 110. Weka prosesa, diski, feni — kama 400, na lazima ibaki nafasi ya kupumua. Nimeandika: wati 650, ya jina linalojulikana, SI CHINI.

Alhamisi, 12 Juni 2008

Ya jina ipo Nairobi. Wiki tatu.

Nikampigia Mwalimu. Kumbe Jumamosi ya tarehe 21 anakuja mwanafunzi wake wa zamani, rubani wa vindege vya watalii pale uwanja wa Manyara. Anataka huyo kijana amwone akirusha. Akasema kama huwezi, binti, sema tu, nitaulizia Arusha.

Huwezi! Mji mzima huu, mtu akiingia dukani ananitazama mimi, bisibisi mkononi, halafu anauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia itakuwa tayari.

Jumanne, 17 Juni 2008

Pawa saplai nyingine niliyoagiza imefika na basi la Arusha. Wati 800, kwa herufi za dhahabu. Jina sijawahi kulisikia. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa anasema usisome, pima: nzuri ina shaba na mabati ya kupozea, ni nzito, ya uongo ni nyepesi kama boksi la biskuti. Nikavuka barabara kwa Scholastika, mnunuzi wa maharage. Akashusha gunia, akaniwekea kwenye mzani wake. Kilo mbili na robo! Akauliza haya maharage ya wapi, mbona yana feni. Tumecheka hadi wateja wakageuka.

Lakini ubavuni, kwa maandishi madogo: volti 12, ampea 18. Kadi zote mbili na prosesa vinakula kwenye mstari huo huo. Kumi na mbili mara kumi na nane ni 216. Kadi peke yake zinataka 220! Hesabu ya kidato cha pili, aliyonifundisha yeye mwenyewe.

Nimeiona. Naiandika hapa ili nisije nikasema sikuiona. Nikajiambia aliyechapa lebo kakosea, kilo ni kilo. Nimefunga skrubu zote nne.

Jumamosi, 21 Juni 2008

Nilikuwepo. Rhotia, sebuleni kwa Mwalimu, mke wake Mama Eunike kachoma mbuzi. Mwalimu kavaa tai! Akashika ile fimbo ya kurushia, ndege ikapaa, akapita juu ya mawingu, na yule rubani akasema Mwalimu, unainua pua vizuri kuliko sisi. Uso wa Mwalimu — sijawahi kumwona hivyo darasani hata siku moja.

Dakika kumi na moja. Halafu paa! Moshi. Harufu ya plastiki. Yeye bado kashika fimbo, skrini nyeusi.

Mazabodi imekufa. Kadi zote mbili zimekufa.

Akaniuliza polepole, binti, imekuwaje? Nikajibu: "Umeme wa huku, Mwalimu." Basi. Maneno manne. Akageuka akatazama soketi. Nyaya za sebule ile kazifunga fundi umeme Tluway, mwezi wa tatu mwaka huu tu. Sikumtaja. Mimi sikumtaja!

Jumapili, 22 Juni 2008

Nimeifungua pawa saplai. Ndani kuna kipande cha saruji, kimegandishwa kwa gundi. Karibu kilo nzima. Shaba ya kuhesabu.

Nimeifunga tena. Kanisani sikwenda.

Alhamisi, 26 Juni 2008

Scholastika kaleta habari huku anapepeta maharage: wazee wa kanisa Rhotia wanataka kumnyang'anya Tluway kazi ya kufunga umeme kanisa jipya. Mwalimu ndiye katibu wao. Hakusema kwa ubaya, eti, aliuliza tu, tutawakalisha watoto humo?

Alasiri Tluway mwenyewe kaingia. Kavua kofia mlangoni, utadhani anaingia hospitali. Akaniambia, Dada Ndeshi, wewe una utaalamu, wazee watakusikiliza. Nyaya zangu nilizipima moja moja. Nisaidie kuwaambia.

Nikamwambia nitaangalia. Nitaangalia nini? Nimeshaona! Kanishukuru mara tatu. Aliyeogopa kuitwa hawezi ni mimi, na anayeitwa hawezi ni yeye. Najichukia.

Jumamosi, 28 Juni 2008

Saa tano asubuhi. Niko jikoni kwa Mwalimu, Rhotia. Nilikuja kusema. Kweli nilikuja kusema! Njia nzima napanga maneno.

Nimemkuta Tluway sebuleni na patasi na nyundo, anachimba ukuta. Kaomba mwenyewe, bila malipo, aitafute hitilafu. Yuko ukuta wa pili. Mama Eunike anafagia plasta, kanipa chai, anasema ngoja amalize, mwanangu, maskini hajala tangu jana.

Kila nikifungua mdomo nyundo inalia. Uongo. Nyundo inapumzika mara nyingi tu. Ni mimi.

Saa sita kasoro

Tluway kaita. Nimeipata! Tumekimbia wote. Nyuma ya soketi, skrubu moja imelegea, robo mzunguko hivi. Pengine ni hiyo nyundo yenyewe iliyoilegeza. Ile haiwezi kuunguza hata redio!

Lakini Tluway kapiga magoti kwenye vumbi. Anasema ni mimi, Mwalimu, sikukaza, nisamehe. Mtu mzima, ana vumbi jeupe mpaka kwenye kope, analia. Na Mwalimu kamwinua, naye anafuta miwani, anamwambia yamekwisha, umesema ukweli, sisi tulitaka ukweli tu. Kazi ya kanisa hutaipoteza. Ila wazee wapate karatasi kesho, fundi kompyuta athibitishe kosa lilikuwa wapi, atie sahihi.

Wote wakanitazama. Nikasema nafuata kalamu jikoni.

Kalamu ninayo hapa, naandikia hiki. Karatasi iko chini ya daftari. Tarehe nimeshaweka. Mwalimu kaniita mara ya pili. Namsikia Tluway anamwambia, mwache, Mwalimu, usimharakishe, aandike vizuri, huyo ndiye anayejua.