Ijumaa Uliyoomba Ruhusa ya Baba

Minjila, Garsen
9 Februari 2025

Dada mpendwa Gumato,

Kwanza ujue anayekuandikia ndiye dereva wa boda hatari kuliko wote Tana River. Mamba wakisikia pikipiki yangu wanahamia Kipini. Polisi wamechoka kunikamata, siku hizi wananisalimia tu.

Hujambo huko Saudia? Kazi je? Unakula vizuri, au bado unaunguza ugali? Mimi mzima, Mama mzima. Ng'ombe wazima, mvua ndiyo hakuna.

Barua hii nimempa Nimo anayerudi kazini huko, maana kwa simu nimeshindwa. Uisome kabla hujafunga ndoa na Jarso.

Ule mwiba uliomchoma Baba mguuni akinywesha ng'ombe unaujua. Hukuambiwa kwamba jeraha lilioza, maambukizi yakaingia kwenye damu, akalazwa Malindi hajitambui. Akapona. Tukachinja mbuzi, nikamtania kwamba amenenepa kwa uji wa hospitali. Daktari alituonya: damu ikishaambukizwa vibaya hivyo, hata mtu akipona, hatari ya kupata kiharusi hukaa naye muda mrefu. Arudi apimwe presha. Baba akasema mtu anayetembea anarudi hospitali kufanya nini. Tukaona ni kweli, si anatembea.

Mwezi wa kumi na moja kiharusi kikampiga asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Upande wa kulia hausogei. Hasemi, anaguna tu. Mimi ndiye ninayemwogesha. Silii. Nimejaribu, machozi hayaji.

Mama alikataa uambiwe, usije ukaacha kazi. Kwa hiyo ulipopiga simu siku za Ijumaa kuongea na Baba, niliongea mimi nikijifanya yeye. Tangu sauti yangu iwe nzito, hata shangazi Bishara alikuwa akinichanganya na Baba kwenye simu. Nilikohoa kama yeye, nikakuita kama anavyokuita. Ulicheka. Nikajiona msanii kweli.

Shangazi anakusalimu sana, na mwanawe Abdirizak pia, ameng'oka meno ya mbele. Mungu akutunze ugenini, akupe nyumba yenye utulivu.

Sasa ile Ijumaa uliyomwomba Baba akuozeshe kwa Jarso. Ulingoja jibu. Mama alikuwa ameenda kuchota maji. Baba alikuwa amelala karibu yangu, macho wazi, anasikia. Nikasema nimeridhia, mwanangu, nimekuozesha. Akaguna kwa nguvu. Ukauliza ni nini hicho.

Nikasema ni ndama.

Sijui alikuwa anakubali au anakataa.

Mdogo wako akupendaye,
Jaldesa