Sauti Nyembamba ya Gita la Salehe

Kilosa, Alhamisi. Tangu alfajiri mvua inanyesha kidogo kidogo, ile isiyolowesha nguo lakini inayofanya kuta zitoe harufu ya udongo. Nipo ndani. Huu ni mwezi wangu wa pili wa eda, na mlango wa mbele nauona kwa upande wa ndani tu.

Leo gita la mume wangu limerudi nyumbani.

Limeletwa na Maganga, anayepuliza tarumbeta kwenye bendi aliyokuwa akipigia Salehe, mume wangu, nayo ndiyo iliyolichukua baada ya matanga. Baba yake ni Mnyamwezi aliyefika Kilosa kwa kazi za reli, kwa hiyo naye ni mtani wetu sisi Wasagara. Alisimama kibarazani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na mama mkwe wangu alikaa mlangoni akipepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuiba nini leo, we Mnyamwezi?"

"Leo narudisha. Hivi nyie Wasagara, mtu wenu akifa anaondoka hadi na sauti ya gita? Uchoyo gani huo?"

Mama alicheka. Maganga akasogea karibu na pazia, na utani ukamwisha.

"Shemeji, mpigaji mpya amelikataa. Ukiwasha pikapu ya mbele peke yake, sauti nzuri. Ya nyuma peke yake, nzuri. Ukiwasha zote mbili, kama alivyopenda marehemu, sauti inakuwa nyembamba kama mbu ndani ya mtungi. Anasema anasikia mtu mwingine akizivuta nyuzi kinyume naye. Jumamosi tunapiga Mikumi, kuna kijiji cha ujamaa kinafunguliwa. Katibu wa bendi amesema likiendelea hivi, litavunjwa, vyuma vyake vifungwe kwenye gita lingine."

Nililisogelea pazia.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia waya," alisema. "Litazame. Nitalifuata kesho asubuhi."

Ni kweli nilikuwa nikimshikia. Mimi niliishia darasa la nne, lakini Salehe alitengenezea redio za watu chumbani humu, na jioni nyingi nilimshikia taa na kumuuliza maswali. Najua kwamba pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, inayonasa sauti ya nyuzi, na kwamba kila moja hutoa waya mbili. Kwenye gita hili mweupe huenda kwenye swichi, na mweusi hufungwa kwenye bati.

Nilikuwa nimeshamhukumu Maganga moyoni. Siku tulipoanua matanga alivaa kofia ya Salehe, akalinyakua gita, akachukua bisibisi na kuanza kulifungua mbele ya watu huku akipaza sauti, "Toka humo, Salehe, watu wanataka kulala!" Ndiyo kazi ya mtani msibani. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Nami nilicheka. Lakini leo, kabla hajashuka kibarazani, nilimuuliza kama aligusa waya.

"Naapa shemeji, nilifungua skrubu mbili tu. Mama huyu akanichapa kwa mwiko."

"Na nitakuchapa tena," alisema mama.

Alipoondoka nililaza gita juu ya mkeka, nikaondoa bati linalofunika waya. Kosa nililiona mara moja. Waya za pikapu ya mbele zilikuwa zimebadilishana, mweusi kwenye swichi, mweupe kwenye bati. Salehe aliwahi kunieleza jambo hili. Pikapu mbili zinapaswa kusukuma pamoja. Moja ikigeuzwa, mwenzake akisukuma yeye anavuta, na sauti zao zinamezana. Kinachobaki ni ile sauti nyembamba. Dawa yake ni kuzirudisha waya mbili mahali pake.

Ila kiungo kile cha waya hakikuwa kazi ya Maganga.

Salehe alikuwa na tabia ya kukandamiza ncha ya waya kwa ukucha wa kidole gumba kabla risasi ya kulehemu haijaganda. Kila siku aliungua, na kila siku nilimgombeza. Viungo vyake vyote vina alama ya ukucha, kama mwezi mchanga. Alama ilikuwepo hapo, kwenye risasi inayong'aa, mpya kuliko viungo vingine vyote.

Niliweka ukucha wangu ndani yake. Ulikuwa mdogo, ukacheza.

Nikiziacha waya hivyo, gita litavunjwa. Nikizirekebisha, lazima niyeyushe alama ile. Mtu huacha vitu vichache sana. Jasho lake limeshatoka kwenye mto, nimenusa.

Saa sita mchana nilipasha chuma cha kulehemu kwenye makaa. Nilipokigusisha, risasi iling'aa, ikalegea, na mwezi mchanga ukawa tone tu. Moshi ukapanda.

"Harufu hiyo hiyo," alisema mama kutoka mlangoni, bila kugeuka.

"Ipi, mama?"

"Ya siku ile ulipokwenda shamba la ujamaa. Salehe aliniomba makaa. Hata kukaa alikuwa hawezi, nikamshika mgongo. Nikamuuliza, unatengeneza nini na wewe unaumwa hivi? Akasema hatengenezi. Analizuia gita lisiende na bendi."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza, mwanangu."

Nilikuwa nimeshayeyusha. Nilizirudisha waya mahali pake. Ncha nilizikandamiza kwa koleo, sikutumia ukucha. Kisha nikaunganisha gita kwenye redio kubwa ya betri ambayo Salehe alizoea kufanyia mazoezi, nikapunguza sauti kabisa, maana nipo kwenye eda na majirani wana masikio. Nikawasha pikapu zote mbili.

Mimi sijui kupiga gita. Nilipitisha kidole kwenye nyuzi mara moja tu. Sauti ilitoka nene, ya chini, imejaa. Ni ile niliyokuwa nikiisikia nikiwa jikoni. Ilikaa chumbani muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Niliweka kiganja kwenye nyuzi kuzinyamazisha, na bado nilihisi kitu kikitetema chini ya mkono.

Mama aliacha kupepeta mchele.

"Mwambie aongeze kidogo," alisema.

Sikumuuliza anamsema nani. Niliongeza.

Sasa gita limeegemea ukuta, bati limefungwa. Maganga akija asubuhi nitampitishia pembeni mwa pazia, aende nalo Mikumi, watu wacheze. Siwezi kukubali livunjwe. Lakini sijui kama leo nimemtii mume wangu au nimemkaidi.

Salehe, kama hutaki liende, niambie kabla Maganga hajapiga hodi.