Maji ya Kisima cha Baba

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
21 Juni 2025

Mpendwa Kaka Uledi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Masasi, na mgongo wa wifi Sitara umepata nafuu. Mimi sijambo. Mama naye mzima, ila ameumia moyo, na mimi ndiye niliyemuumiza. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Unamkumbuka Celina, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, yule Mchaga anayeuza vitenge. Binti yake Nice, wa miaka minne, alilazwa mwanzoni mwa mwezi kwa kuharisha. Alikauka hata akilia machozi hayatoki. Akapona, akarudi nyumbani, siku ya tano akalazwa tena. Hapo ndipo nilipoanza kukitilia shaka kisima chetu cha uani.

Nilijaribu kuyafukuza mawazo hayo, kaka. Baba alikichimba kile kisima kwa ajili ya sadaka, na mpaka leo majirani wanateka bure. Mama kila akisikia ndoo inazama humwombea marehemu thawabu.

Tangu mwaka jana mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa, na kwenye semina tulipewa vichupa vya kupimia maji. Ni vya bei ndogo, vinaingia mkobani. Ndani mna dawa kidogo. Unatia maji, unafunga, unaweka mahali penye joto. Kama maji yameingiwa na kinyesi, ndani ya siku mbili yanageuka meusi. Nilishapima visima saba vya mtaa huu. Cha kwetu nilikuwa nakiruka.

Jumatatu mama alipokwenda sokoni, nikateka. Nikakificha kichupa kabatini, nikawa nafungua na kufunga kama mwizi. Jumanne adhuhuri kilikuwa cheusi kama wino.

Nikamwambia mama aliporudi.

"Unataka kusema baba yako anawanywesha watu mavi?" Akatoka uani, akajaza kikombe, akanywa chote mbele ya majirani. "Miaka thelathini! Nani amekufa?"

Celina alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa nguo za hospitalini. Alisema tu, "Mama, Nice ametundikiwa dripu ya tatu," akaenda zake.

Nikamletea mama vichupa viwili. "Jaza kwa mkono wako. Kimoja maji ya kisima, kingine ya birika, yaliyochemka. Kaa navyo wewe." Akavichukua bila kunitazama, akavifungia chumbani kwake.

Siku zile mbili sitazisahau. Mama aliumwa tumbo, akasema ni gesi tu. Mimi nilishinda kisimani nikiwasihi watu wachemshe. Wengine walinicheka, wengine waliniuliza mwenye nyumba amesemaje. Kila ndoo iliyotoka nilimwona mtoto mwingine kitandani. Tena nilijiona kama ninamfukua baba kaburini.

Alhamisi asubuhi mama akaniita. Kichupa cha birika hakikubadilika. Cha kisima kilikuwa cheusi tii. Halafu akatoka, akaifungua kamba ya ndoo, akaja nayo chumbani, akajitanda khanga na kwenda hospitalini kukaa na Nice. Hakuniaga.

Jana amekuja afisa afya. Anashuku shimo la choo la ghorofa jipya lililo nyuma yetu, na atalikagua. Hakuna kuteka mpaka maji yapimwe upya. Kwa sasa tunachota bombani kwa jirani na kuchemsha. Nice ameruhusiwa leo. Amekula wali na kuomba tena.

Yapo maneno mtaani kwamba nimemvunjia marehemu heshima. Yakikufikia, usibishane na mtu.

Mama amepita sasa hivi nikiandika, akasoma mistari miwili mitatu begani kwangu. Akasema, "Mwandikie kaka yako kwamba kisima cha baba yake nimekifunga mimi. Wewe asikulaumu."

Nisalimie sana wifi Sitara, Abdulmalik na shangazi Nasma. Mungu awape afya, na awaepushe na kila lisiloonekana kwa macho.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Badria