Keki Iliyogeuzwa kwa Mwiko

Shoga Muzda, acha kila kitu usome. Keki yangu imegeuzwa kwa mwiko! Kwa MWIKO, shoga!

Si nilikwambia wifi Mwantum anakuja leo kutoka Mohoro, na mimi nimeshajitapa atakula keki ya machungwa ya mkono wangu? Nikakuna maganda, nikakamua machungwa, nikakoroga unga mpaka bega likauma. Nikabandika sufuria, moto kidogo chini, makaa juu ya mfuniko. Nikaenda kuoga.

Narudi, namkuta mama mkwe kachuchumaa, mwiko mkononi, mfuniko uko chini!

"Mwanangu, wali wako ulikuwa bado umelowa. Nimekugeuzia, sasa naupalia tena."

WALI! Kaona makaa juu ya mfuniko, basi kwake huo ni wali umepaliwa moto. Kaugeuza wote mpaka chini.

Nilitaka kulia, nikataka kucheka. Na huko nje wifi anapiga hodi!

Nikaenda kumfungulia. Ikaiva hivyohivyo, mabongemabonge. Mama akaipakua kwenye sinia, akaleta maji ya kunawa. Tumekula kwa mkono, Muzda. Keki, kwa mkono! Wifi akamega tonge, akatia mdomoni, macho yakarudi kwenye sinia. Nikajua nimeumbuka. Kumbe anawahi tonge la pili! Sinia limebaki jeupe.

Sasa hivi mama kanivuta pembeni, kaninong'oneza ili wifi asisikie: "Wali wako wa machungwa mtamu, mwanangu. Ila siku nyingine usisahau chumvi."