Chuma cha Kuvutia Tela la Shemeji

Dada Eli, shikamoo. Joto la Dar linamtoa jasho hata aliyekaa mbele ya feni.

Mumeo alinipeleka Kariakoo kununua chuma cha kuvutia lile tela la kulala safarini, lenye vitanda ndani, alilonunua Buguruni. Nikamwambia tela ni zito, achukue kile kinene kinachofungwa kwenye chesisi, ile fremu ya chini ya gari. Akachukua chembamba kinachong'aa, cha kufunga kwenye bampa.

"Shemeji, wewe chagua kanga, vyuma niachie mimi," akanijibu.

Tulipofika Buguruni akafunga tela, akakanyaga mafuta. Bampa likabaki na tela, sisi tukaondoka. Mafundi wa pale walicheka mpaka wakakaa chini.

Tulirudi kununua kile kinene, nacho kinavuta vizuri. Sasa anamwambia kila mtu alikichagua mwenyewe.

Nimekukumbuka sana. Ukitaka kumcheka, ngoja kwanza azime gari, asije akakasirika akakanyaga mafuta tena.

Mdogo wako,
Neema