Mistari ya Mwanangu

Jumapili, 2 Machi

Amepiga simu! Mwanangu! Mwaka wa mwisho chuo kikuu, saikolojia ya jamii – wanasoma kwa nini watu wakiwa kundi hufanya mambo ambayo mmoja peke yake asingeyafanya. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilichokizaa nimekizaa. Anataka kufanyia utafiti wake karakana kwetu, kwa mafundi wenzangu wa mapazia na mashuka. Na atalala nyumbani! Tangu mwaka jana hajakilalia kitanda chake. Nimelianika godoro. Kisha nikakaa. Kimya. Hata majirani leo hawagombani.

Jumanne, 4 Machi

Simu tena, amenieleza vizuri. Kuna mtafiti wa zamani, anaitwa Asch. Aliketisha watu chumbani, akawaonyesha kadi yenye mstari mmoja na nyingine yenye mistari mitatu. Upi unalingana na ule? Hata mtoto wa chekechea anaona. Lakini wote wamepangwa waseme jibu la uongo, isipokuwa mmoja, ambaye hajui lolote na anajibu baada ya wenzake. Ataamini macho yake au atafuata kundi? Wengi walifuata, angalau mara moja. Watu wazima!

Waongo watakuwa wanachuo wenzake. Mafundi wetu wataingia mmoja mmoja, hawajui kitu. "Mama, hili ni letu sisi wawili. Wakijua tu, kazi imekufa." Nikamwambia mimi ni kaburi.

Alhamisi, 6 Machi

Kaburi gani!

Wakati wa chai Mama Pasi, yule anayetunyooshea mashuka, kaanza tena. Mwanawe yuko benki, mwanawe kanunua gari. Nikasema wangu anapima akili za watu. "Kwa futi?" kauliza fundi mkataji. Wakaangua kicheko. Basi nikachukua chaki, nikachora mistari pale pale juu ya meza ya kukatia. Nikamwaga yote. Asch, mistari, waongo waliopangwa. Nikaongeza na Milgram, yule aliyeonyesha watu wanavyotii amri ya mkubwa hata wakidhani wanamuumiza mwenzao. Majina nayataja kama ya mashemeji zangu! Msimamizi mwenyewe alizima cherehani asikilize. "Kumbe umezaa kichwa, shoga," kasema Mama Pasi.

Nimerudi nyumbani natembea kama nimevaa viatu vipya. Nimefungua mlango, nimetia maji birikani – ndipo nilipokumbuka. Letu sisi wawili.

Maji yamechemka mpaka yamekauka.

Ijumaa, 14 Machi

Wamefika, jaribio wamelifanyia stoo ya vitambaa. Mafundi wanaingia mmoja mmoja, wanatoka wananikonyeza. Mkataji katoka kifua mbele: "Mimi sikudanganyika hata kidogo!"

Mwanangu karuka kama mtoto. "Mama, hakuna hata mmoja aliyeyumba! Watu wako ni chuma!" Kanikumbatia mbele ya wote. Mbele ya Mama Pasi! Na mimi nikacheka nao. Ningesema nini, jamani, mikono yake iko shingoni mwangu?

Jioni tumekula sahani moja. Sikuwa na njaa, nilikuwa namtazama tu anavyotafuna.

Jumapili, 16 Machi

Ameondoka. Alipokuwa anafunga begi nilitaka kumwambia. Nikamkunjia nguo badala yake. Alinisimulia habari za mwingine, Festinger: mtu akifanya jambo lisilolingana na anavyojiona, moyo humsumbua, basi hutafuta sababu mpaka atulie. Sababu ninazo. Mafundi wetu kweli ni watu wa msimamo, pengine wangejibu hivyo hivyo.

Sijatulia. Kitanda chake sijakitandika, nimekiacha alivyokiacha.

Jumanne, 18 Machi

Simu. Sauti yake ndogo. Mwalimu wake hataki kupokea majibu. Haijawahi kumtokea, watu wote hao asiyumbe hata mmoja. Ijumaa anatakiwa kuyawasilisha mbele ya idara nzima, kwa hiyo kesho anakuja kuuliza kila fundi kama alijua.

Nikauliza atalala? Hapana, anarudi jioni.

Jumatano, 19 Machi

Naandika hapa hapa karakana, daftari magotini.

Kaja. Katupanga kuizunguka meza ya kukatia. Kauliza kwa upole: kuna aliyewaambia mapema? Hata kama yupo, hakasiriki, ataanza upya mahali pengine, ila ajue leo.

Mkataji: "Hapana, binti." Msimamizi: "Hapana." Mama Pasi kamtazama usoni kabisa: "Tungejulia wapi, mwanangu?" Na waliobaki vivyo hivyo, hapana, hapana. Mimi sikuwaomba! Wamekubaliana wenyewe, kwa ajili yangu. Miaka yote hii najiona mpweke humu ndani, kumbe wananipenda hivi.

Kisha kanigeukia. "Na wewe, Mama?"

Simu yake ikalia. Mwalimu. Katoka uani kuongea.

Sasa wote wananitazama. "Neno moja tu, shoga," ananong'ona Mama Pasi. "Hapana, halafu tushone." Mkataji anatikisa kichwa: "Usituangushe." Nikisema hapana, Ijumaa mtoto wangu atasimama mbele ya wasomi na uongo mikononi, hata hajui. Nikisema ndiyo, hawa wote ni waongo mbele yake, na mwongo mkubwa ni mimi. Atakuja tena kulala kwangu?

Namwona dirishani. Namsikia. "Nimeshawauliza wote, Mwalimu. Amebaki mama yangu tu, na yule hawezi kunificha kitu."

Anaweka simu mfukoni. Mama Pasi kanishika mkono chini ya meza, ananibana. Mwanangu anafuta viatu mlangoni –