Lenzi Isiyovuta

Jumamosi, Msamala.

Na bado mimi ndiye fundi wa picha. Kwa lenzi yangu ndefu ya milimita mia tatu nilishapiga picha ya nzi aliyeko Namtumbo, wilaya ya jirani, nikiwa hapahapa barazani, na nzi akatabasamu.

Leo harusini lenzi hiyo ikagoma kuzunguka. Nikafunga ile fupi ya hamsini. Hiyo haivuti vya mbali; ukitaka sura ya mtu, umfuate kwa miguu. Niliona aibu. Tangu mke wangu afariki nimezoea kupiga picha nikiwa mbali, nimeegemea ukuta.

Nikamsogelea bibi yake bibi harusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe mpiga picha mwenyewe una mvi! Umekula?"

"Nimeshiba, bibi."

"Mwongo. Midomo mikavu hiyo! Kaa hapa."

Tukala pilau sahani moja.

Sasa nazitazama picha. Za miaka yote watu wanaangalia pembeni. Za leo wananiangalia mimi. Basi hamsini ndiyo yangu. Kesho nitawaambia watu nimeiagiza Ujerumani.

Nimejaribu kuipima tena humu ndani kwangu. Nimegeuka huku, nimegeuka kule, sikuona wa kumsogelea.